Kabla Hujashuka Luthuli Kununua Kadi ya Grafiki

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, swali moja limekuwa likinifuata kutoka ndani ya matatu ya 46 hadi sebuleni kwa majirani: "Kompyuta yangu imekataa Windows 11. Ninunue kadi ya grafiki ya aina gani?" Nalipenda swali hilo, kwa sababu anayeliuliza hataki kuitupa mashine iliyomsomeshea watoto. Ila kabla sijataja jina la kadi yoyote, humwomba arudi nyumbani, aiwashe mashine na asome mambo matatu. Wengi wakishasoma hugundua kwamba hawahitaji kadi. Wengine hugundua kwamba hata wakiinunua, haitawasaidia. Wanaobaki ni wachache, na hao kadi huwaokoa kabisa. Makala haya nimewaandikia wote watatu, lakini zaidi yule wa mwisho.

Anza na jina la prosesa. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, fungua System, usome. Kompyuta nyingi za mezani zilizo majumbani hapa Nairobi, kuanzia Kangemi, Uthiru na Kawangware hadi Lavington ni zile za ex-UK, yaani zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo kisha zikauzwa huku: Dell OptiPlex, HP za kiofisi, Lenovo ThinkCentre. Prosesa zake ni za Intel, na namba yake hukueleza karibu kila kitu. Katika i5-3470, ile 3 ya kwanza maana yake ni kizazi cha tatu. Katika i5-8500 ni kizazi cha nane. Windows 11, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, huanzia kizazi cha nane cha Intel, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwa upande wa AMD, ukiacha prosesa chache sana.

Kama yako ni ya kizazi cha tatu au cha nne, weka pesa mfukoni. Hakuna kadi ya grafiki itakayoigeuza i5-3470 kuwa i5-8500, na ndiyo maana huniuma kuona mtu akiuziwa kadi "ya Windows 11" kwa ajili ya mashine ya mwaka 2012. Na kama yako ni i5-8500 au ya baada yake, bila herufi F mwishoni, pia weka pesa mfukoni, kwa sababu picha yake hutoka ndani ya prosesa yenyewe na grafiki hiyo inatimiza masharti. Hapo kinachohitajika ni draiva mpya tu, ambayo ni ya bure.

Herufi F ndiyo ya kuangalia. Prosesa kama i5-9400F, iliyotoka mwaka 2019, ina nguvu za kutosha na imo katika orodha ya Windows 11, lakini haina grafiki ndani yake. Ryzen 5 2600 ni hivyo hivyo, na Xeon nyingi pia. Mashine za namna hii lazima ziwe na kadi, na watu waliozijenga kwa bajeti ndogo mara nyingi walichomeka kadi yoyote kuukuu iliyopatikana, mradi picha ionekane. Kadi hiyo ndiyo inayozuia.

Jambo la pili la kusoma ni hali ya kadi uliyonayo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Hapa pana mtego ambao nimeona ukiwanasa hata mafundi wazoefu. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha maneno "DirectX Version: DirectX 12", nawe utafurahi. Usifurahi bado. Hiyo ni DirectX iliyomo ndani ya Windows, haisemi lolote kuhusu kadi. Nenda kwenye ukurasa wa Display, utafute mistari miwili upande wa draiva: Feature Levels na Driver Model. Windows 11 inataka kadi inayokubaliana na DirectX 12 na draiva ya WDDM 2.0 au zaidi. Ukiona WDDM inayoanza na 1, au Feature Levels ambazo ya juu kabisa ni 10_1, umempata mkosaji. Ukiona jina la kadi ni Microsoft Basic Display Adapter, basi huna draiva kabisa. Tafuta draiva kwanza ndipo uihukumu kadi.

Kwa nini mfumo endeshi ujali kadi ya grafiki ya mtu anayeandika barua na kutazama YouTube? Kwa sababu tangu Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, kila dirisha unaloliona huchorwa na kadi, kisha yote huunganishwa kuwa picha moja. Vista ndiyo iliyowafundisha watu jambo hili kwa uchungu. Kule Marekani kompyuta ziliuzwa zikiwa na stika ya kuonyesha kwamba ziko tayari kwa Vista, ilhali nyingine zilikuwa na chipu za Intel 915 zisizoweza kuonyesha sura mpya ya mfumo huo, na wanunuzi wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 2007. Stika si kipimo. Soma dxdiag.

Jambo la tatu ni msinfo32, unaloliandika mahali pale pale pa dxdiag. Tafuta "BIOS Mode" na "Secure Boot State". Ya kwanza ikisema Legacy, usiipuuze, kwa maana inahusiana na kadi kuliko unavyodhani. Nitaeleza kwa mashine moja niliyoishika kwa mikono yangu.

Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Uthiru, iliyojengwa na kijana wake kabla hajahama. Ndani yake mlikuwa na i5-9400F, ramu ya GB 16, SSD nzuri, na kadi ya GeForce 210, toleo la mwaka 2009. Programu ya Microsoft ya kupima utayari ilikataa Secure Boot na TPM, vipengele viwili vya usalama ambavyo Windows 11 huvidai, na mwalimu alikuwa ameambiwa abadilishe ubao mama wote. Tulipofungua kasha, vumbi jekundu la barabara ya kwao lilikuwa limeziba mapezi ya kadi hadi huoni alumini. Lakini tatizo halikuwa vumbi. Kadi za umri ule, kwa jumla, hazina ndani yake ile programu ndogo ya UEFI ambayo bodi za kisasa huitumia kuonyesha picha wakati wa kuwaka. Kwa hiyo bodi ililazimika kuwasha hali ya zamani, CSM, ili picha ipatikane. CSM ikiwa imewashwa, Secure Boot haiwezi kufanya kazi. Yaani kadi moja kuukuu ilikuwa imeifunga mashine nzima katika mwaka 2009. Na TPM? Ilikuwepo muda wote ndani ya prosesa, ikiitwa Intel PTT, ila imezimwa. Mwalimu hakuhitaji ubao mama. Alihitaji kadi.

Sasa twende mjini. Kabla hujapanda matatu, fungua kasha mashine ikiwa imechomolewa kwenye stima, upige picha tatu kwa simu: sloti ndefu ambapo kadi hukaa, mgongo wa mashine, na stika ya pawa saplai inayoonyesha wati. Kisha chukua rula. Mgongo wa kadi ya kawaida una kimo cha sentimita 12 hivi. Kwenye makasha membamba, yale ya kulaza chini ya monita, hutosha kadi ya kimo cha sentimita 8 tu. Dukani iulize kwa jina la low profile, na uhakikishe bamba fupi la chuma limo ndani ya boksi, maana mara nyingi boksi huwa na mabamba mawili na lile fupi ndilo hupotea.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kulipia uzembe huu. Nilimwuliza muuzaji mmoja, "Kaka, hii itaingia kwa OptiPlex nyembamba?" Akanijibu bila kuinua macho, "Itaingia tu." Haikuingia, na duka halikukubali kuirudisha kwa sababu risiti haikuwa na neno lolote la kurudisha. Siku hizi huweka picha na vipimo mezani kwanza, ndipo mazungumzo yaanze.

Wati nazo usizikisie. Sloti yenyewe, kwa kanuni zake, hutoa hadi wati 75 kwa kadi isiyo na waya wake wa umeme, lakini mashine nyingi nyembamba za ofisi zina pawa saplai ya wati 240 kwa kila kitu, na baadhi ya watengenezaji huweka kikomo cha sloti chini ya hapo. Kwa mashine kama hiyo, tafuta kadi ndogo. GT 1030 hutumia wati 30. RX 6400 hutumia 53. GTX 1650 hufika 75, na ningeiweka tu kwenye kasha kubwa lenye pawa saplai nzuri.

Kuhusu majina haya, acha niseme ninavyoona. Kwa nyumba inayohitaji kazi za shule, mikutano ya video na filamu, GT 1030 inatosha, kwa sharti moja: iwe ya kumbukumbu ya GDDR5. Ipo nyingine ya jina hilo hilo, ya DDR4, ambayo mwendo wa kumbukumbu yake ni kama theluthi tu ya mwenzake: takriban GB 17 kwa sekunde dhidi ya 48. Boksi zinafanana. Geuza, usome herufi ndogo. Jua pia kwamba NVIDIA imeshahamisha kadi za ukoo huo, Pascal, kwenye viraka vya usalama pekee, na hivyo imetangaza kuvitoa hadi Oktoba 2028. Ukiweza kuongeza pesa, GTX 1650 ni ya ukoo mpya zaidi na bado inaendelea kupata draiva kamili. RX 6400 ni nzuri kwa kasha jembamba, lakini haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo mwenye kurekodi masomo au ibada aiache.

GT 710 na GT 730 zimejaa kila kaunta, nami sizipendekezi kwa Windows 11, hata zikiwa nafuu. NVIDIA ilimaliza viraka vya usalama vya Kepler, ukoo wa nyingi kati ya hizo, mwaka 2024. Tena GT 730 ni jina moja lililobandikwa kwenye chipu tofauti: ya kumbukumbu ya biti 128 ni Fermi, ukoo wa zamani zaidi, ingawa namba 128 humfanya mnunuzi aione bora kuliko ya biti 64.

Mtaa wa Luthuli, kati ya Tom Mboya na River Road, ndio utakaokupa bei za kulinganisha kwa mwendo wa dakika chache. Uliitwa kwa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, na tangu ulipotengenezwa upya mwaka 2019 mtu anaweza kusimama mbele ya duka bila kusukumwa na magari. Zunguka. Ulizia maduka manne au matano, usinunue kwenye la kwanza. Katika majengo ya Moi Avenue pia kuna vibanda vya mafundi wa kompyuta, na baadhi yao huuza kadi zilizotolewa kwenye mashine za ofisi, ambazo mimi huziamini kuliko kadi mpya isiyo na jina.

Maana kadi bandia zipo. Ujanja wake ni huu: chipu ya zamani ya Fermi, kama GTS 450, huandikiwa programu upya ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows yenyewe itasoma jina hilo na kuliamini. Kuna ishara unayoweza kuiona kwa macho ukiwa kaunta: tundu la buluu la VGA. Kuanzia ukoo wa Pascal, NVIDIA iliondoa mawimbi ya analogi kwenye chipu zake, kwa hiyo GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA inapaswa kukutia shaka papo hapo. Ishara ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tangu toleo lake la mwaka 2018 inazitambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye flashi, uombe kadi ichomekwe kwenye mashine ya duka, uifungue GPU-Z mbele yao. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikataa, mshukuru na uende duka la pili. Ukilipa, risiti iandikwe namba ya kipekee ya kadi (serial number), muda wa garanti, na masharti ya kurudisha. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa, hausemi ulinunua nini.

Jambo hilo la VGA lina upande wa pili. Nyumba nyingi bado zina monita za VGA pekee, na kadi mpya haina tundu hilo. Usinunue waya mtupu wa kutoka HDMI kwenda VGA, kwa kuwa hauwezi kugeuza mawimbi. Inayofanya kazi ni adapta yenye chipu ndani yake. Inunue siku hiyo hiyo, la sivyo utafika Kawangware jioni na kadi nzuri isiyoweza kuonyesha kitu.

Ukifika nyumbani, usianze na bisibisi. Hamisha kwanza faili zote muhimu kwenye diski ya nje, na kama BitLocker imewashwa, andika ufunguo wake wa kufungulia kwenye karatasi. Ondoa draiva ya kadi ya zamani kupitia Settings, zima mashine, ichomoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa chochote ndani. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, usipulize kwa mdomo, maana unapuliza na mate. Mwishoni mwa sloti kuna kibano kidogo kinachoishika kadi, nacho hukibonyeza kwa kidole huku ukiivuta kadi juu, wima. Ikikataa, kibano hakijaachia. Usitumie nguvu. Kadi mpya iingize wima pia, hadi usikie mlio wa kibano, kisha kaza skrubu ya mgongoni.

Chomeka monita kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Nimewahi kupigiwa simu usiku na mtu aliyedhani amechoma mashine, kumbe waya ulikuwa kwenye tundu la ubao, na prosesa ya F haina picha ya kulipa tundu hilo.

Mashine ikiwaka, baki kwanza kwenye Windows 10. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, NVIDIA au AMD, wala usitumie zile programu za "kutafuta draiva zote" zinazopita mkono kwa mkono kwenye flashi. Fungua tena dxdiag. Ukishaona WDDM inayoanza na 2 au 3, geukia diski. Kama msinfo32 ilisema Legacy, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikipita bila lalamiko, rudia ukibadilisha neno validate liwe convert. Hiyo hubadilisha mpangilio wa diski bila kufuta faili, lakini stima ikikatika katikati utajuta, kwa hiyo fanya ukiwa na UPS, au angalau hakikisha tokeni zimebaki za kutosha.

Sasa ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, na Delete kwa bodi nyingi za kujengewa. Zima CSM, chagua UEFI, washa PTT, au fTPM kama ni AMD, kisha Secure Boot. Hifadhi, utoke. Kwa mwalimu, hatua hii ilichukua muda mfupi kuliko kusafisha vumbi, na programu iliyokuwa imeikataa mashine yake ikaikubali bila hata kuwashwa upya mara ya pili.

Wewe wa kizazi cha tatu na cha nne sijakusahau. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya ziada vya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unaojiunga nao kupitia Windows Update. Baada ya hapo, mfumo endeshi wa Linux Mint 22 utaihudumia mashine hiyo hadi mwaka 2029, na grafiki ya ndani ya Intel inatambuliwa bila kuongeza draiva yoyote. Kama huko pia utataka kadi, chagua Radeon badala ya NVIDIA ya zamani, kwa sababu draiva zake zimo tayari ndani ya Linux yenyewe. Na pesa ulizokuwa umetenga, zikijumlishwa na utakachopata ukiuza mashine ya zamani, zitakusogeza karibu na OptiPlex au EliteDesk yenye i5-8500.

Kadi iliyotolewa usiitupe kwenye pipa la ploti. Kama imekufa, ipeleke WEEE Centre huku Nairobi wanakochambua taka za kielektroniki. Kama bado inaonyesha picha, mpe fundi wa mtaani. GeForce 210 ya mwalimu ipo kwa fundi mmoja pale Kawangware. Ina tundu la VGA, haihitaji waya wa umeme, na kila mashine inayoletwa ikiwa kiza, ndiyo anayoichomeka kwanza kuona kama ubao mama bado uko hai.